Mgonjwa Hapingi

Josephina ni mwoga, na nasema hivyo kwa heshima zote. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa bodaboda kiasi kwamba kila asubuhi anatembea kwa miguu kutoka Mwembesongo hadi kazini, masika na kiangazi, mwavuli mweusi mkononi. Akiambiwa anaitwa na mganga mkuu anashika tumbo. Miaka sita nimekaa naye meza moja kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, katika hospitali moja hapa mjini Morogoro ambayo jina lake naliacha, na sijawahi kumwona akifunga droo bila kurudi kuivuta tena mara mbili kuhakikisha imefunga. Zamani nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki, na nitaeleza kwa nini.

Kazi yetu watu hawaijui. Wanadhani tunapanga mafaili, basi. Tunapanga, ni kweli, na vumbi lake tunalo vifuani. Lakini mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, faili lake hupita kwetu kwanza. Tunalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila ugonjwa na kila jeraha tunavipa namba kutoka kwenye kitabu kinene kinachotumika dunia nzima, ili serikali ijue watu wake wanaumwa nini na wanakufa kwa nini. Jeraha huwa na namba mbili. Ya kwanza inasema mwili umeumia wapi, ya pili inasema umeumizwa na nini. Hiyo ya pili ndiyo yenye maneno. Ukianguka mwenyewe ina namba yake, ukichomwa na mtu ina namba yake, na kama haijulikani ni bahati mbaya au ni kusudi, ipo pia namba ya haijulikani. Waliotunga kile kitabu walimfikiria hadi mvivu.

Sheria ni moja: huandiki kitu ambacho daktari hakukiandika. Ukiona pengo unarudisha faili wodini na swali lako kwenye kikaratasi, unasubiri. Mimi huwa narudisha moja kwa wiki, nikiwa na roho nzuri. Josephina alikuwa anarudisha manne kwa siku, na zaidi majeraha ya kifua. Daktari anaandika "jeraha la kifua", anaweka nukta, anaenda kunywa chai. Kisu kimeishia kwenye nyama au kimepenya hadi kwenye uwazi wa mapafu? Hizo ni namba mbili tofauti, na ni wagonjwa wawili tofauti. Josephina anaandika kikaratasi: "Kina chake?" Madaktari vijana wakambandika jina la Mama Kina, naye akaitika kama kawaida. La kuchekesha ni kwamba mwenyewe hawezi kuona damu. Wodini haendi kabisa. Visu vyote vya mkoa huu anavijua kwa maandishi.

Ana miaka hamsini na mbili. Kwao ni Matombo, kule nyuma ya milima, na alishuka mjini akiwa na miaka kumi na tisa kuja kufagia korido za hospitali hii hii. Kutoka ufagio akapewa kubeba mafaili, kutoka kubeba akajifunza kuyasoma, na baadaye sana, akiwa mama wa watoto wawili na mume ameshafariki, akaenda kusomea cheti pamoja na vijana waliokuwa wanamwita bibi. Alifaulu kuliko wote. Nilipomuuliza kwa nini hakusoma tangu mwanzo, akasema, "Ilishindikana," akarudi kwenye faili lake. Sikumchokonoa zaidi.

Sasa Shabani.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haikati, milima imefunikwa na wingu kutwa nzima. Faili la Shabani lilitua mezani kwetu Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Kijana wa miaka ishirini na nne, mkulima, kutoka kijiji cha milimani upande wa Kinole. Aliletwa siku kumi nyuma akiwa hawezi kuvuta pumzi, kifua cha kushoto kimetobolewa. Walimwekea mrija kati ya mbavu, damu na hewa vikashuka kwenye chupa chini ya kitanda, na Mungu akasaidia. Sasa alikuwa ameruhusiwa. Daktari Erick, ambaye ni mtu wa Bukoba na hajamaliza mwaka hapa kwetu, alikuwa ameandika maelezo ya mwanzo hivi: "Aliteleza shambani akaangukia mti uliochongwa wa kuegemezea mgomba. Historia imetolewa na mjomba wake. Mgonjwa hapingi."

Mjomba mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya dirisha letu, akisubiri tumalize ili agongewe muhuri aondoke na mpwa wake. Mzee Stambuli. Hospitali nzima ilishamjua. Siku kumi hakukosa hata moja: asubuhi uji kwenye chupa ya chai, jioni ndizi za kuchemsha, mgonjwa anafutwa uso, anageuzwa, anashikiwa ile chupa ya damu akienda kujisaidia. Manesi walikuwa wanamtolea mfano kwa wanaume wengine. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," akanijibu marahaba kwa sauti ya upole sana, akaniombea na mume mwema.

Josephina alikuwa anasoma. Nilijua anasoma vizuri kwa sababu midomo yake inacheza. Halafu midomo ikaacha kucheza.

"Doreen," akaniita. "Njoo usome hapa."

Akanionyesha karatasi ya nesi wa mapokezi: kingo za jeraha zimenyooka, urefu sentimita tatu, hakuna vibanzi vya mti. Akafunua mbele. Karatasi ya nesi mwingine, wa chumba cha kushonea: kiganja cha kulia kimekatwa kwa ndani, vidole vinne kwa mstari mmoja, nyuzi sita. Akafunua tena. Nesi wa tatu, siku ya pili, alipokuwa anamwogesha mgonjwa: michubuko ya duara mikono yote miwili, juu ya viwiko, kwa nyuma.

Hospitali humwona mgonjwa vipande vipande. Aliyeona kifua hakuona kiganja, aliyeshona kiganja hakuiona ile michubuko, na daktari alikuwa na watu arobaini siku ile. Anayekuja kuvisoma vyote mahali pamoja ni karani, kwa sababu kila kipande kinataka namba yake. Nilisimama pale nyuma ya kiti cha Josephina nikasoma namba zake kwenye kikaratasi, moja chini ya nyingine, ya kifua, ya kiganja, ya mikono, na nikamwona mtu ameshika kisu kwa mkono mtupu huku mwingine amemkamata kwa nyuma.

"Huyu hakuangukia mti," nikasema.

"Sema polepole."

Dirisha letu lina kitundu cha kuongelea. Mzee Stambuli alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameinamisha kichwa.

Hapa niseme ukweli wangu, maana nimeamua kusema yote. Mimi ndiye niliyemwambia aachane nalo. Nilimnong'oneza, "Mama, weka namba ya haijulikani. Ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Hutakuwa umedanganya."

Josephina akaniangalia. "Haijulikani kwa nani?"

Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya yale maneno ya mwisho ya daktari, *Mgonjwa hapingi*, akakiacha hapo.

"Nilipofaulu darasa la saba," akasema, "mwalimu alikuja nyumbani kutoa taarifa. Mjomba wangu ndiye aliyempokea. Akamwambia, huyu binti mwenyewe hataki shule. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, Doreen, nimeshika beseni. Shule nilikuwa naitaka kuliko chakula. Mwalimu akanitazama, nikanyamaza. Akaandika kwenye daftari lake, akaondoka."

Kwa msomaji asiyewajua Waluguru: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni baba, lakini mwenye neno ni mjomba. Yeye ndiye anayekuoza, ndiye anayekusemea barazani, ndiye anayesimama kaburini. Mjomba akiongea, mpwa hajibu, na hilo si woga tu, ni adabu tuliyonyonya. Daktari Erick alimuuliza Shabani mbele ya mjomba, Shabani akanyamaza, na kwa mtu wa Bukoba kunyamaza ni kukubali. Aliandika alichokiona. Kosa kama lile hawezi kulifanya nesi yeyote aliyezaliwa Kinole.

"Tumrudishie daktari na swali," nikasema. Nilitaka lile faili litoke mezani petu, lolote liwe.

Kabla hajajibu, sauti ikaingia kwenye kitundu cha dirisha. Mzee Stambuli alikuwa amesimama. Alianza kwa Kiluguru, salamu ndefu, ya kuulizana habari za nyumbani, na Josephina akaitika kwa Kiluguru kwa sababu huwezi kutoitika. Kisha akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi, mwenye Kiluguru cha mjini, nisikie vizuri.

"Binti yangu, kuna shida na faili la mtoto wetu?"

"Hapana, baba. Tunamalizia."

"Maana naona mmeinamiana." Akatabasamu. "Wewe ni wa Matombo. Nimekujua kwa kuongea kwako. Mama yako si yule bibi anayekaa chini ya misheni, upande wa mtoni? Nilipita huko juzi juzi. Anapalilia mwenyewe, peke yake, na umri ule. Nikasema moyoni, hivi watoto wake wako wapi?"

Josephina alilivuta faili karibu naye.

"Mtu mzee, peke yake shambani, chochote kinaweza kumpata," akasema Mzee Stambuli. "Anaweza kuteleza tu." Akarudi kuketi kwenye benchi lake, akafungua chupa ya uji, akajimiminia.

Nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa basi letu lilipopinduka karibu na Mikese, niliogopa mwanangu alipopata degedege. Lakini woga wa siku ile ulikuwa wa aina nyingine, kwa sababu yule mzee alikuwa hajasema neno moja baya ambalo ningeweza kwenda kulirudia kwa mtu. Josephina alinyanyuka akaenda nyuma ya makabati ya mafaili. Nikamfuata. Alikuwa ameshikilia rafu kwa mikono miwili na anapumua kwa mdomo.

"Nipige muhuri," akasema. "Nipige muhuri waende. Mama yangu ana miaka themanini."

"Piga," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo.

"Wakifika juu watammaliza."

"Hujui hilo."

"Najua. Hata wewe unajua." Alikuwa analia bila sauti. "Miaka yote hii naandika kwenye vikaratasi, kina chake, kina chake. Leo nimejua kina chake, nataka kukimbia."

Akajifuta kwa ncha ya kitenge. Akarudi mezani, akachukua faili, akaliweka kifuani chini ya sweta, na badala ya kutokea mlango wa mbele uliotazama benchi, akatoka kwa mlango wa nyuma wa kwenye mapipa. Nilimfuata kwa sababu kubaki peke yangu na yule mzee ng'ambo ya dirisha nilishindwa.

Kumbe alikuwa anaelekea wodini. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na zaidi hakukanyaga wodi ya upasuaji. Mlangoni alisimama, akafumba macho, akanishika mkono, akasema, "Niongoze." Tukapita hivyo katikati ya vitanda, wagonjwa wawili wawili kila kitanda, wananitazama mimi nikiongoza mtu mzima aliyefumba macho. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini.

Daktari Erick alikuwa kwenye meza ya manesi, anaandika.

"Mama Kina! Leo umekuja mwenyewe? Kimetokea nini?"

"Faili lina swali, daktari."

"Liache hapo."

"Haliwezi kuachwa."

Akasoma alipoonyeshwa. Kiganja. Michubuko. Kingo. Nilimwona anaelewa, kisha nikamwona anakataa kuelewa, maana ilikuwa saa tano na alikuwa hajalala tangu jana.

"Nilimuuliza," akasema. "Nilimuuliza mbele ya watu wote. Sasa unataka niandike nini? Historia ni ya mgonjwa, mama, si yangu wala si yako. Yule kijana alinyamaza."

"Ndiyo, baba. Alinyamaza."

"Basi?"

"Kwetu mjomba akiongea, mpwa hajibu. Mjomba akisema umekufa, unalala chini." Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba daktari aliinama ili asikie. "Muulize akiwa peke yake. Sikuombi kitu kingine. Akisema aliangukia mti, nitaandika aliangukia mti, na sitarudisha tena faili lako lolote hadi nistaafu."

Daktari Erick akatazama kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Shabani alikuwa amekaa ukingoni, ameshavaa shati la kuondokea, mfuko wa plastiki wa nguo miguuni. Mwembamba, shingo ndefu, mkono wa kulia bado una bandeji. Alikuwa anatazama mlango.

Daktari akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Shabani, twende eksirei, picha ya mwisho kabla hujaondoka." Nesi akasukuma kiti cha magurudumu. Na hapo hapo, sijui nani alimwambia, Mzee Stambuli akatokea mlangoni mwa wodi na chupa yake ya uji.

"Nitaenda naye," akasema.

"Chumba cha eksirei hakiingii ndugu, mzee," daktari akasema. "Ni mionzi."

"Mimi ni mjomba wake."

"Najua. Subiri hapa."

Wakaondoka naye. Tukabaki koridoni, mimi na Josephina upande huu, Mzee Stambuli upande ule, katikati pana kama mita nne. Alitutazama. Alitazama faili lililokuwa limechomoza kwenye sweta la Josephina. Tabasamu lake lilikuwa palepale. Zilipita dakika tano. Zikapita kumi. Josephina alianza kusali kimya kimya, nami nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu kwa sababu sikuthubutu kuinua uso. Kitu kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kwamba kijana atasema aliteleza. Atasema aliteleza, tutagonga muhuri, na huyu mzee atakuwa ameshatujua sura.

Robo saa ilipopita daktari akatokea, peke yake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinyoosha mkono, Josephina akampa faili, naye akaandikia palepale juu ya kizingiti cha dirisha, mistari mingi, kwa mwandiko unaosomeka kuliko wote niliowahi kuuona kwake. Nilisoma akiwa anaandika. Jeraha la kisu, limepenya hadi kwenye uwazi wa kifua, kina takribani sentimita sita. Mgonjwa anaeleza, akiwa peke yake, kwamba alichomwa na binamu yake Nasibu mtoto wa mjomba, na alipokuwa amekamata kisu, mjomba alimshika mikono kwa nyuma. Ugomvi ni wa shamba la ukoo. Karafuu na migomba. Kwa utaratibu wetu lilitakiwa liende kwa Shabani, mtoto wa dada, na Mzee Stambuli alitaka liende kwa mwanawe wa kumzaa.

"Alikuwa anakuja na uji kila siku," daktari akasema kwa sauti ya chini, "ili asiachwe peke yake na mtu." Akafunga faili. "Unajua aliniuliza nini kwanza, kabla ya kusema? Aliniuliza, 'Nikisema, nani atanizika?'"

Josephina akajibu, "Ndilo swali lenyewe."

Polisi walioitwa na daktari walikuja kabla ya saa saba, wawili, mmoja na ile fomu yao ya majeruhi, PF3, ambayo ilipaswa kujazwa siku kumi nyuma. Mzee Stambuli hakukimbia. Alisimama, akavaa kofia yake vizuri, akamkabidhi nesi chupa ya uji akamwambia ahakikishe mtoto anamaliza. Alipopita mbele ya Josephina alisema, "Msalimie mama." Mama yake tulimshusha mjini Jumamosi ile, kwa gari la kaka yangu, akilalamikia mihogo yake njia nzima. Lakini Alhamisi mchana hatukuwa tumemshusha bado, na Josephina alikwenda chooni akatapika.

Kisha akaja kuketi, akafungua kitabu, akaandika namba. Ya kifua, ya kiganja, ya mikono, na mwisho ile ya kushambuliwa kwa kitu chenye makali. Nilidhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Shabani alikuwa ameruhusiwa na kitanda chake kilikwishapewa mtu. Polisi walimkataza kurudi mlimani hadi Nasibu apatikane. Mama yake alifariki zamani, baba yake alikwenda kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero miaka hiyo akapotelea huko. Afisa ustawi wa jamii alikuwa semina Dodoma hadi Jumatatu. Na fomu ya ruhusa ina sehemu ambayo mlinzi wa getini haachii mtu bila kujazwa: jina la anayemchukua mgonjwa, uhusiano, simu, sahihi. Nesi alisema Shabani atalala sakafuni wodini hadi Jumatatu. Wodini, ambako saa za kuona wagonjwa mtu yeyote mwenye bakuli mkononi anaingia.

Shabani alikuwa ameketi kwenye lile lile benchi la mjomba wake, kwa kuwa hakukuwa na benchi lingine. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Josephina alichukua fomu kwangu. Aliandika jina lake kamili. Aliandika simu. Alipofika kwenye uhusiano alikaa muda mrefu, yule mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kuandika neno moja lisilokuwemo kwenye faili. Halafu akaandika: mama mdogo.

"Mama, unajua unachofanya?" nikamuuliza. "Unakaa vyumba viwili. Hata komeo la mlango wako si komeo."

"Naogopa, Doreen," akasema. "Usiniongezee."

Nikaenda kuwatafutia bajaji, maana Shabani hakuweza kutembea mbali. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, maji yanapita barabarani mekundu. Tulitoka wote watatu, Josephina akiwa amebeba ule mfuko wa nguo. Mlinzi alisoma fomu, akafungua geti.

Nje ya geti, karibu na wauza matunda, kulikuwa na kijana amekalia pikipiki. Koti la mvua, ndala, kama miaka thelathini hivi, uso mzuri tu. Alipotuona akashuka akasogea.

"Shikamoo mama," akamwambia Josephina.

Shabani aliacha kutembea. Alisimama tu, na mkono wake wenye bandeji ukapanda taratibu ukafunika kifua upande wa kushoto. Hapo nikajua ni nani. Nilitaka kumwita mlinzi na sauti haikutoka.

"Marahaba," Josephina akasema.

"Mnampeleka wapi ndugu yangu?"

Mfuko wa plastiki ulikuwa unalia mkononi mwa Josephina. Akauweka chini kwenye matope. Akaingiza mkono mfukoni mwa sweta akatoa kalamu na kile kibunda chake cha vikaratasi.

"Jina lako kamili nani, baba?" akauliza. "Majina matatu. Na unakokaa. Niandike."

Yule kijana akacheka kidogo. Josephina hakucheka, wala hakurudi nyuma. Kalamu ilikuwa kwenye karatasi, inangoja, kama anavyowangoja watu dirishani kila siku ya Mungu.

"La kwanza ni Nasibu," akasema Josephina, na akaliandika. "La baba ni Stambuli." Akaliandika. "La babu silijui. Nisaidie."

Mlinzi alikuwa ameshatoka kwenye kibanda chake kuangalia. Wauza matunda walikuwa wamegeuka. Nasibu alitazama ile karatasi, akamtazama Shabani, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akapanda pikipiki. Tuliisikia hadi ilipopotea upande wa barabara ya Kingolwira. Hadi leo ninapoandika haya hajakamatwa, na kila pikipiki ikipunguza mwendo karibu yetu tunaacha kuongea.

Josephina alibaki ameshika kalamu. Halafu akakaa chini palepale kwenye maji mekundu, na sketi yake ya kazini, anasema, "Nimeogopa, jamani nimeogopa, nimeogopa."

Shabani ndiye aliyeinama, polepole kwa ajili ya ubavu wake, akampa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Simama, mama mdogo," akasema. "Bajaji inatungoja."